Karatasi Juu ya Mlango

Jalada lilikuwepo. Kilichokosekana ni kila kilichokuwa ndani yake.

Ummukulthum alilipokea kwa mikono miwili, kama apokeavyo mtu kitoto kichanga cha mwenziwe, akaligeuza chini ya taa. Ngozi ya kahawia, kongwe, lakini imepakwa mafuta karibuni. Uti wake mpya. Ndani, patupu. Alipitisha kidole penye mshono: hakuna uzi uliokatwa, wala ncha ya karatasi iliyosalia.

"Aliyezitoa hakuwa na haraka," alisema.

"Hilo ndilo linalonitisha," alijibu Kasisi Valentine.

Walikuwa katika chumba cha kasisi, nyuma ya madhabahu ya kanisa la Mtakatifu Osith, Lewisham. Kasisi alikuwa mzaliwa wa papo hapo, wazee wake walitoka Jamaika. Mtu mrefu, kila mlango huuinamia. Ilionekana hajalala vizuri kwa siku kadhaa, na bado alikuwa ametia chai mwenyewe na kumwekea mgeni biskuti mbili kando ya kisahani. Ummukulthum aliliona hilo akaliweka moyoni. Miaka ishirini na sita ya kuvaa sare ya polisi katika mji huu wa London ilimfunza kwamba mtu hujulikana vizuri zaidi kwa anavyoweka biskuti. Sasa alikuwa amestaafu, ana wajukuu watatu, na kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu vilivyopotea kabla mambo hayajafika kituoni.

Kilichopotea safari hii kilikuwa muziki. Matthias Rohrbeck alitoka Ujerumani akiwa kijana, akawa mpiga kinanda wa kanisa hili kwa miaka thelathini na mmoja, na akazikwa chini ya sakafu yake. Hiyo ni karibu miaka mia tatu iliyopita. Miaka minne ya mwisho alikuwa kipofu. Utunzi wake wa mwisho aliuimba sauti kwa sauti, na mtumishi wake wa jikoni, Hester, akauandika noti kwa noti. Nakala ilikuwa hiyo moja tu.

"Nani ana ufunguo wa kabati?"

"Mimi, na Godson, mpiga kinanda wetu." Kasisi alitazama kikombe chake. "Kitabu kilikwenda kwa fundi kutengenezwa. Kilirudi Jumanne, tarehe saba. Godson akakipokea, akatia saini, akafungia sanduku kabatini. Wiki iliyopita tukalifungua, likatoka jalada tupu. Fundi anaapa alirudisha kila kitu. Wala si siri kwamba Godson aliwahi kuomba ruhusa ya kuunakili muziki huo aupeleke kwao. Halmashauri ilimkatalia."

"Halmashauri inasemaje sasa?"

"Keshokutwa, baada ya ibada, wanakaa. Kama hazijapatikana, Godson anaondolewa na jina lake linapelekwa polisi. Naomba uniambie kwamba si yeye. Au niambie kwamba ndiye. Lakini niambie kabla ya Jumapili."

"Jumanne hiyo wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Tulikuwa na chai ya ubatizo. Niliondoa takataka mezani kwa mikono yangu. Hakukuwa na kitabu, ni maboksi na karatasi za kufungia vitu tu. Na yule mama anayetusafishia kila Jumatano, Zahra, nimempigia simu mara mbili. Anasema hajaona kitabu chochote cha ngozi. Wiki mbili hizi hajaja, mgonjwa, maskini, goti."

Ummukulthum alisimama akazunguka chumba. Kabati, kufuli halijachezewa. Dirisha, vyuma vizima. Karibu na mlango palikuwa na kigoda cha mbao.

"Hicho kilikuwa hapo siku zote?"

"Kila nilipokirudisha pembeni nilikikuta tena mlangoni, mpaka nikachoka nikakiacha. Nilidhani labda mwizi alikipanda."

"Kabati liko chini. Apande kufikia nini?" Alivua viatu, akakipanda, akapapasa juu ya fremu ya mlango. Vidole vyake vilikuta karatasi. Akazishusha moja moja: tisa, kila moja imekunjwa mara nne kwa uangalifu.

Kasisi akatabasamu kidogo. "Watoto wa shule ya Jumapili hao."

Ummukulthum alizikunjua mezani. Zote zilikuwa ratiba za ibada za Jumapili, zile wanazoziangusha watu chini ya viti. Akazipanga kwa tarehe. Ya kwanza ilikuwa ya tarehe kumi Agosti. Ya mwisho, tarehe tano Oktoba. Ya tarehe kumi na mbili haikuwepo, wala ya kumi na tisa. Kisha akainama kwenye ndoo ya taka: zamu za kutengeneza kahawa, tangazo la mnada wa nguo, bahasha.

"Watoto wamekuja Jumapili mbili hizi?"

"Kama kawaida. Hawana hata mafua."

"Basi si watoto," alisema. Akaiomba ile ya tarehe tano, akaitia mkobani.

*

Godson alikuwa juu, kwenye roshani ya kinanda. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana. Kwa zamu za usiku aliwahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunzwa, na Jumapili akapiga kinanda. Aliposikia salamu ya Kiswahili aliinuka wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, usinisimamie kama askari. Wa wapi wewe?"

"Machame, Kilimanjaro. Na mama?"

"Pemba. Niliondoka nina miaka saba, lakini Pemba haikuondoka." Akaketi kwenye ubao wa kando. "Umezichukua?"

"Hapana."

"Zingekufaa nini?"

Godson aligeukia kinanda. Alivaa viatu vyake vya kinanda, vyembamba, soli ya ngozi, akapiga mistari michache, taratibu. Wimbo ulipanda hatua tatu, ukasita, ukashuka kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Huu bibi yangu aliuimba akichambua kahawa," alisema. "Kwetu ni wimbo wa kuzika. Wamisionari wa Kijerumani waliuleta, wazee wakautia maneno yao. Mimi nilijua ni wa kwetu, mama. Wa mlimani. Nikaja hapa, Jumapili ya kwanza, baridi imenikaba, simjui mtu, nikasikia mzee mmoja anaupiga. Nililia mpaka mama mmoja Mwingereza akanipa leso yake. Nilimrudishia imefuliwa." Akacheka kidogo. "Ndipo nikaambiwa ni wa Rohrbeck, aliutunga ujanani kwao Ujerumani, akaurudia mwisho wa kitabu hicho. Nilitaka nakala tu. Niwaonyeshe nyumbani ulikotoka."

"Siku ulipotia saini, ulilifungua sanduku?"

Akainamisha kichwa. "Sikulifungua. Kwaya walikuwa mlangoni, kuna mtoto anabatizwa, fundi ana haraka ya treni. Nikatia saini. Sanduku nikalifungia. Hilo ndilo kosa langu, na nimemwambia Mchungaji."

"Ulitia saini ya nini? Karatasi ilisemaje?"

"Sikuisoma."

Ummukulthum akaguna kama bibi aliyemkuta mjukuu na sukari mdomoni. "Haya. Na huyu Bi Zahra msafishaji, mwapatana?"

"Yule ni kama shangazi. Namchukulia ndoo ya maji, yeye ananiletea visheti. Nikifanya mazoezi huja hapa na ufagio wake, anasikiliza. Siku moja aliona picha ya noti za Rohrbeck, akaniuliza hizi herufi tatu chini ni nini, maana kila mwisho zipo. Nikamweleza: ni kifupi cha Kilatini, Utukufu ni wa Mungu peke yake. Mzee hakumaliza wimbo bila kuziandika. Bi Zahra akasema, 'Basi mtu wa maana huyo.'"

Kalamu ya Ummukulthum ilisimama kwenye daftari. Kisha ikaendelea.

*

Fundi wa kujalidi vitabu aliitwa Kanti, na karakana yake ilikuwa Neasden, upande wa pili wa mji. Alikuwa Mhindi wa Unguja, mzaliwa wa Hurumzi, nywele nyeupe pe. Alipomsikia mgeni anasema alisukuma gundi pembeni.

"Ah! Lafudhi hiyo! Kaa, dada, kaa. Wanangu wanaelewa lakini wananijibu Kiingereza. Mke wangu alipofariki sikubaki na wa kugombana naye kwa Kiswahili."

"Tutagombana basi, Kanti bhai. Wanasema umerudisha jalada tupu."

"Tupu?" Mzee alipanda kama maziwa jikoni. "Miaka hamsini na mbili nashika sindano hii! Ngoja."

Alifungua mtoto wa meza akatoa nakala ya stakabadhi. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umenyooka: *Jalada moja, ndani ya sanduku. Karatasi arobaini na mbili, hazijashonwa, furushi la peke yake.* Chini yake, saini ya Godson.

"Furushi la peke yake," Ummukulthum alirudia.

"Ndiyo! Karatasi kongwe kama zile huzishoni mpaka wenyewe wakague mpangilio wake. Nikishona nimekosea, natoboa mara ya pili. Nilitaka waangalie, halafu nirudi nishonee pale pale kanisani. Nikazifunga karatasi laini, juu yake kaki. Nikaweka mezani, pembeni ya sanduku."

"Kaki tupu? Bila jina?"

Kanti aliitazama stakabadhi. Mikono yake ikashuka. "Jina niliandika kwenye sanduku," alisema polepole. "Kwenye furushi... dada, kwenye furushi sikuandika."

"Haidhuru."

"Yadhuru. Babu yangu angenipiga kofi." Aliondoka akarudi na mfuko wa chevda, vitafunio vya pilipili, akausukumia mkobani mwa mgeni. "Ya njiani. Zitafute, tafadhali. Mwandiko wa yule msichana wa jikoni, uliuona? Kwanza noti zake zimeinama, zinaogopa. Zikifika karatasi ya kumi zinatembea. Nilipozisafisha nilikuwa naongea naye."

*

Ndani ya treni Ummukulthum aliweka mambo matatu magotini. Furushi la kaki lisilo na jina, mezani. Meza iliyoondolewa takataka na kasisi mwenyewe, karatasi za kufungia vitu tu. Na hii ratiba ya ibada, imekunjwa mara nne.

Aliikunjua tena. Mstari wa kwanza tu, jina la Mungu. Zote tisa zilikuwa nalo. Zamu za kahawa hazikuwa nalo, na hizo zilikuwa ndooni mwa taka. Mtu fulani alikuwa anachagua. Alianza Agosti, akaacha baada ya tarehe tano. Tena alikuwa mfupi, anahitaji kigoda.

Huko Wete, Pemba, kwenye chuo cha Kurani cha Mwalimu Abdulwakil, palikuwa na tundu ukutani, juu, pasipofikiwa na kuku wala miguu ya watoto. Ukiona kipande cha karatasi chenye jina la Mola kimeanguka, unakiokota, unakibusu, unainuliwa na mkubwa ukakitie tunduni. Jina halilali chini. Zikishajaa na kuchakaa, Mwalimu alizichukua akazizamisha kwenye maji yaendayo, wino ukaondoka kwa heshima.

Maji yaendayo. Ummukulthum alitazama saa yake. Tangu Jumatano ya tarehe nane zilikuwa zimepita siku kumi na sita.

Hakusubiri treni isimame vizuri.

*

Bi Zahra alikaa Peckham, ghorofa ya tatu, juu ya duka la kusukia nywele. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Udi ulimpokea mgeni ngazini kabla ya mwenye nyumba. Bibi mwenyewe alikuwa mfupi, goti limefungwa bandeji, macho makali.

"Shikamoo, Bi Zahra."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Wewe wa wapi?"

"Wete."

"Wete! Mie Chake. Basi tutavumiliana." Akamwonyesha kiti. "Kama watoka kwa yule padri, kitabu cha ngozi sijakiona. Nshamwambia mara mbili."

"Sikuja kuuliza kitabu. Nimekuja kuuliza Jumatano ile ya mwisho uliokota nini."

Kijiko kilisimama kikombeni. "Nani kasema nimeokota?"

Ummukulthum akaweka ratiba mezani, mikunjo yake minne juu. Bi Zahra aliitazama, akamtazama yeye, akaangua kicheko.

"Ukapanda kigoda? Na unene wako huo?"

"Kililia, lakini kilinistahimili."

Bibi alipangusa macho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Zilikuwa ndani ya mfuko wa taka, mwanangu. Kaki imechanika, juu yake makombo ya keki. Nikaona zile herufi tatu alizonionyesha Godson. Mwandiko wa mkono, umechakaa. Nikasema, mtu kazitupa kwa kuwa zimezeeka, hajui kama kuna jina. Nikazipangusa moja moja."

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Karatasi haijitupi. Yuko aliyetupa, na mle ndani hakuna asiyenitendea wema. Yule padri kila Jumatano huniwashia hita kabla sijafika. Nije niwaulize nani katupa jina la Mungu? Nimuumbue mtu kwao? Nikasema, sitara." Akalipiga goti lake kofi dogo. "Nilitaka nizipeleke mwenyewe mto wa Deptford zikaenda na maji. Goti hili adui likakataa. Sasa mpwa wangu kaahidi Jumapili atanichukua kwa gari mpaka baharini."

Ummukulthum alivuta pumzi. "Ziko wapi?"

Bi Zahra alinyanyua kidevu. Juu ya kabati la nguo, chini kidogo ya rafu ya msahafu, palikuwa na furushi la kanga. Ummukulthum alilishusha, akalifungua kitandani, akahesabu. Alihesabu mara mbili, kama kituoni. Arobaini na mbili. Noti za mwanzo zimeinama, zinaogopa. Za karatasi ya kumi zinatembea.

"Bi Zahra, hizi ndizo kitabu. Jalada lilikuwa kando. Na wasipoziona keshokutwa, wanamwondoa Godson. Wanasema kaiba."

"Godson gani?" Bibi alisimama, amesahau kuwa hawezi. "Godson wangu? Anayenichukulia ndoo?" Alishika ukingo wa meza, uso umekunjamana kwa maumivu, mkono mwingine ukaelekea mlangoni. "Nipe buibui langu hilo. Usinitazame, nipe."

*

Basini Bi Zahra alikataa furushi litiwe kwenye mfuko au liwekwe chini. Alilipakata mpaka Lewisham, na kijana mmoja mwenye nywele za rasta akampisha kiti, akawa anamkinga kila basi lilipofunga breki.

Godson walimkuta mlango wa kando. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake, vile viatu vyembamba.

"Nimeandika barua," alisema. "Afadhali niondoke kabla hawajaniondoa, mama. Bi Zahra! Nani kakutoa na goti hilo?"

"Wewe," alisema bibi. "Rudi ndani."

Katika chumba cha kasisi furushi lilifunguliwa. Ummukulthum aliweka stakabadhi ya Kanti kando yake, akaeleza kwa Kiingereza, kwa utaratibu, bila kutaja mkono wa mtu: sanduku moja, furushi moja, meza iliyoondolewa takataka, mfuko, makombo ya keki. Alipofika kwenye keki Kasisi Valentine aliketi.

"Ni mimi," alisema. "Nilizisukuma kwa mguu, ziingie."

Bi Zahra hakungoja tafsiri. "Mwambie mie sijui nani alitupa," alimwambia Ummukulthum upesi. "Mwambie nilikuta tu."

Ummukulthum akamwambia. Kasisi alitikisa kichwa, akamgeukia Godson, akasema mbele yao wote: "Nilizitupa mimi, na nikakuacha wewe ushukiwe siku tisa. Jumapili nitasimama niwaambie halmashauri, kwanza mimi, kabla ya jambo jingine lolote. Naomba radhi, Godson. Na hiyo barua yako nipe, niichane."

Godson aliitoa mfukoni. Akampa.

"Ile ya mwisho," Bi Zahra alinong'ona. "Nataka kuisikia ile ya mwisho."

Godson alivaa viatu vyake. Karatasi ya arobaini na mbili aliichukua kwa viganja vyote viwili, akapanda nayo roshani, na muda si mrefu wimbo ukashuka: ukapanda hatua tatu, ukasita, ukashuka. Bi Zahra alisikiliza akiwa amefumba macho, mkono juu ya goti.

"Aliziandika mtumishi, eti?" alimwuliza Ummukulthum.

"Mtumishi wa jikoni. Hester. Hakujua kusoma, noti alifunzwa. Zile herufi tatu alizichora tu."

"Hakujua maana yake?"

"Labda aliambiwa."

"Aliambiwa," Bi Zahra alisema, akionyesha herufi kwenye karatasi iliyobaki mezani. "Angalia zilivyosimama."

Kasisi alikuwa ameinuka kwenda kumpigia simu mwenyekiti wa halmashauri. Mlangoni alisita. Sakafuni palikuwa na ratiba ya ibada ya tarehe kumi na tisa, imekanyagwa, imebaki na alama ya soli. Aliinama akaiokota. Akasoma mstari wa kwanza. Kisha akaikunja mara nne, akanyoosha mkono, na yeye hakuhitaji kigoda.